Kilatini Yangu Ilikauka Pamoja na Simenti

Leo nimepata haya ya kunitosha mwaka muzima. Kwa nusu saa tu!

Naandika nikiwa nimekaa nyuma ya jikoni ya Mama Espe, hapa juu ya kilima, Nyabiondo. Simenti ingali chini ya kucha zangu. Wamenipa sahani ya pili ya maharagi, kwa hiyo musiogope, niko muzima. Lakini kuna muntu ambaye leo nimemuua mara ya pili, na alikuwa ameshakufa. Njo kisa chenyewe. Ngojeni niwaelezee mimi mwenyewe, kwa sababu kesho mutakisikia kwa wamotari wa pikipiki kikiwa kimeshaongezewa chumvi.

Munanijua. Mimi Innocent, yule wa kuandika majina. Ukiona pikipiki inapita na nyuma yake, kwenye ile raba ya kuzuia matope, pameandikwa MUNGU HASINZII kwa rangi nyekundu yenye kivuli cha njano, huo mukono ni wangu. Butike ya sabuni pale sokoni, ni wangu pia. (Ule ukuta wa munyozi wenye herufi N iliyogeuka nyuma mbele, hapana. Ule si wangu. Nawaapia.)

Kwa masomo, mimi si wa kujisifu. Nilifanya miaka miwili ya latin kule sekondari, kisha mihogo ikapata ugonjwa, Papa akasema, "Ngojea kwanza mwaka moja." Huo mwaka moja haujaisha mpaka leo. Lakini ile miaka miwili niliipenda, jamani! Muntu akinigusa kidogo tu, Kilatini inatoka. Asubuhi ninasalimia kuku kwa Kilatini. Kuku hawajawahi kunisahihisha.

Sasa, Espérance. (Naomba tusianze. Niacheni niseme.) Espérance ni binti wa kwanza wa Papa Deogratias, aliyetutoka mwaka jana. Mimi na yeye tunapendana, hilo munalijua, hata wale waliojifanya hawajui. Niliandika barua ya kumuomba kwa jamaa yake, ile barua ya heshima, kwenye karatasi isiyo na mistari. Nikaipeleka kwa mikono miwili. Jamaa wakaipokea, wakaiweka kwenye kabati bila kuifungua. Wakasema, "Nyumba ingali kwenye kilio. Tutaifungua siku ya kumaliza kilio, watu wote wakiwa hapa."

Siku hiyo ilikuwa leo.

Mwenye neno la mwisho ni baba mudogo wa Espérance, Papa Mulinda, anayechunga ng'ombe kule Burungu. Papa Mulinda hajanitukana hata siku moja. Ananiangalia tu, vile anavyoangalia ng'ombe ambaye hajaamua kama atamununua. Anaanza na miguu, anapanda polepole, akifika kwenye meno yangu anageuka upande mwingine.

Donc munaona hali. Leo nilitakiwa kufanya kitu kimoja tu: kubeba viti, kunyamaza, kuonekana muntu wa maana.

Sikunyamaza.

Munajua desturi yetu. Mbele ya kumaliza kilio, kaburi inajengwa. Fundi anapandisha matofali, anapaka, na upande wa kichwa anasimamisha kibao cha simenti. Simenti ikiwa ingali laini, muntu mwenye mwandiko muzuri anachukua musumari, anaandika jina, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa. Ni kazi ya dakika kumi. Mutoto wa shule ya musingi anaiweza.

Wiki tatu zilizopita Mama Espe, mama yake Espérance, aliniambia tu, bila ubaya wowote, "Innocent, wewe njo utatuandikia Papa."

Ningejibu "Ndiyo, Mama," mambo ingeishia hapo. Mimi nikajibu, "Mama, Papa Deo alikuwa anaimba misa ya Kilatini. Basi nitamuandikia kwa Kilatini. Sawa makaburi ya mapadiri wa zamani kule misioni."

Mama akaniangalia. Macho yake yakajaa. Ni kweli, Papa Deo alipenda Kilatini kupita hata kahawa. Alikuwa anapalilia maharagi akiimba Gloria, na jembe likipiga chini kwa kila Gloria. Mama akajipanguza kwa kitambaa, akasema neno moja.

"Angefurahi."

Ninyi mukisikia mama kama yule anasema "angefurahi," mungefanya nini? Nikaapa.

Jana nilitoa kayee yangu ya zamani chini ya kitanda. Panya wamekula mwanzo na mwisho, lakini ukurasa wa miaka uko muzima. Na hapo njo nilikumbuka namna Kilatini inavyosema mwaka. Sisi mwaka tunauhesabu sawa mifuko ya maharagi: elfu moja, mia tisa, sitini na moja, basi, funga. Kilatini hapana. Kilatini inapanga miaka kwa foleni, sawa watu wenye bidoni kwenye bomba la maji. Kila mwaka una nafasi yake, na kila neno linaulizwa: wa ngapi? Papa Deo hakuzaliwa 1961. Alizaliwa mwaka wa elfu moja, wa mia tisa, wa sitini, wa kwanza. Maneno manne, na kila moja ni murefu kama treni.

Nikaona ni kitu kizuri ajabu. Nikawaza: kumbe Papa Deo hakuzaliwa ndani ya namba. Alingojea nyuma ya miaka ile yote, na zamu yake ilipofika, akatoka. Nikawaza hivyo mpaka machozi yakanilenga kidogo.

(Hivi njo kichwa changu kinavyofanya kazi. Muntu mwingine angechukua rula akapime kibao.)

Leo asubuhi nilifika mapema, shati nyeupe, musumari mupya mufukoni. Kaburi iko hapa hapa nyuma ya nyumba, kando ya shamba la maharagi. Fundi Safari alikuwa anapiga tabaka la mwisho kwenye kibao, analainisha kwa mwiko wake, simenti inang'aa sawa mugongo wa samaki. Kibao chenyewe ni ukubwa wa sinia ya chai. Niliona ni kidogo. Nikatoa musumari.

"Uko na maneno mangapi?" Safari akaniuliza.

"Jina, kuzaliwa, kufa."

"Bon. Fanya mbio. Jua iko inatoka, na hii tabaka ni nyembamba. Simenti haingojeake muntu."

"Fundi, kazi ya uzuri haiharakishwe."

"Uzuri ufanye. Lakini uufanye mbio."

Nikaandika DEOGRATIAS. Herufi kumi, kila moja na kikanyagio chake chini, kama wanavyofanya kwenye vitabu vya kanisa. Juu ya D nikaweka njiwa mudogo. Safari akaangalia njiwa, akaangalia jua, akaangalia njiwa tena. Akatema mate pembeni, akaenda kuosha vyombo vyake.

Kisha nikaanza kumuzalisha Papa Deo. NATUS ANNO. Iko sawa. MILLESIMO. Herufi tisa! Mustari muzima umekwisha. NONGENTESIMO, yaani wa mia tisa. Herufi kumi na mbili! Nilikuwa katikati ya hiyo mia tisa, ulimi nje kwa sababu ya bidii, wakati Espérance alifika na kikombe cha chai.

"Umefika wapi?"

"Niko naandika mwaka ya Papa ya kuzaliwa."

Akainama akaangalia. "Ile yote ni mwaka moja?"

"Haijaisha. Inabakia sitini na moja."

"Innocent! Papa angekuwa ameshazaliwa na ameshatembea."

Akacheka kwa sauti ya chini, mukono kwenye mudomo, kwa sababu ilikuwa ingali nyumba ya kilio. Nikanywa chai. (Kosa.) Nikamuangalia akirudi jikoni mpaka akaingia. (Kosa kubwa zaidi.) Niliporudilia musumari, jua lilikuwa limeshakaa juu ya kibao sawa kuku juu ya mayai.

SEXAGESIMO. PRIMO. Papa Deo amezaliwa, asante Mungu. Nikavuta pumzi, nikaingia kwenye kufa. OBIIT ANNO. Musumari ulianza kuwa muzito. BIS. Nikasukuma kwa mikono miwili. MILLESIMO. Hiyo O ya mwisho ilitoka na pembe nne. Hapo nilikuwa nimeandika: amekufa mwaka wa elfu mbili. Ilibakia wa ishirini, wa tano. VICESIMO QUINTO. Maneno mawili tu!

Nikaweka musumari kwa V.

Krrr.

Vumbi kidogo. Alama nyembamba kama ya ukucha wa kuku. Nikasukuma tena. Musumari ukapinda.

"Fundi!"

Safari akakuja, akagonga kibao kwa kidole. Kikalia kama bakuli. Akamwaga maji. Maji yakateremuka, yakaenda zake.

"Hapa sasa unahitaji nyundo," akasema. "Na hata ukiwa na nyundo, utaandika wapi?"

Ni kweli. Chini palibakia nafasi ya kidole kimoja.

"Sasa imesema nini?" akaniuliza.

"Imesema Papa Deo alikufa mwaka wa elfu mbili."

Safari akahesabu kwa vidole, akaanza tena. "Lakini mwaka jana nilikunywa naye pombe ya kasiksi."

"Najua."

"Alinipa hata ndizi za kupeleka nyumbani."

"Najua, Fundi!"

Tukaangaliana. Kule chini kwaya ilikuwa imeshaanza kupanda kilima. Kuvunja kibao wakati ule ilikuwa kumuachia marehemu shimo mahali pa kichwa, mbele ya jamaa yote, siku yake. Nikafanya hesabu yangu ya haraka. Nani anajua Kilatini hapa? Mimi, na Papa Deo. Papa Deo hataongea. Aliyetakiwa kuongoza sala ni katekista, na Kilatini yote ya katekista wetu ni Amina. Nikajiambia: wiki ijayo nitakuja na Safari, tutengeneze polepole, hakuna atakayejua.

"Mimi sikuona kitu," Safari akasema. "Mimi nilijenga tu."

Tukafunika kibao kwa kitenge, kama inavyotakiwa. Nikajipanguza. Nikaenda kubeba viti, muntu wa maana kabisa.

Pikipiki ikafika. Juu yake hakukuwa katekista.

Alikuwa Padiri Anselme. Mzee sana, ameshapumzika siku nyingi, anatembea na fimbo, masikio yameanza kumuacha. Yule motari akamushusha sawa muntu anashusha kitu cha vioo. Mama Espe akakimbia kumupokea, uso unang'aa. Njo nikajua: Mama, kwa furaha yake, alimutumia habari! Na Padiri akanitafuta kwa macho, akanishika mukono kwa nguvu, akapiga kelele kama wanavyofanya wasiosikia muzuri:

"Wewe njo kijana wa Kilatini? Nilifundisha Kilatini maisha yangu yote. Waliponiambia kuna kaburi ya Kilatini Nyabiondo, nikasema, hata mugongo ivunjike, nitaenda!"

"Aksanti, Padiri," nikasema.

Sala ikafanyika. Kwaya ikaimba. Watoto watano wa Papa Deo walisimama mustari moja mbele ya kaburi, kutoka Espérance mpaka Neema wa mwisho, mwenye miaka kumi, wote kitenge cha rangi moja. Mama akavua kile kitambaa cheusi kichwani, wakamufunga cheupe. Halafu akafunua kibao.

"Aaaaa!" watu wakasema.

Jamani, kilipendeza. Lazima niseme ukweli hata siku ya haya yangu. Herufi zimekaa sawa askari, njiwa juu yake. Watu wakapiga mikono. Na Papa Mulinda, yule yule, akatikisa kichwa! Nikamusikia akimuambia Mama, "Huyu kijana iko na mukono." Kwa dakika moja nilikuwa nimeshaoa. Nilikuwa nimeshapata mutoto wa kwanza na ninamutafutia jina.

Padiri akavaa miwani. Akasoma, midomo inatembea. Akafika mwisho. Akarudi juu. Akasoma tena.

"Njiwa ni muzuri," akasema.

Akanipungia mukono nikaribie.

"Kijana, utusomee."

Nikasoma. Kwa sauti, kwa nguvu, ili maneno yawafurahishe. Watu wakapiga mikono tena. Nikainamisha kichwa na kurudi nyuma hatua moja, nikijua kwamba Mungu hasinzii lakini pengine leo anaangalia upande wa Walikale, kule mbali.

"Sasa utuelezee kwa Kiswahili, watu wote wasikie."

Hapa njo nilidanganya. Mbele ya padiri. Mbele ya kaburi. (Ninyi musiige.)

"Deogratias," nikasema. "Alizaliwa mwaka elfu moja mia tisa sitini na moja. Alikufa mwaka elfu mbili..." nikakohoa, "... ishirini na tano."

Padiri akasogeza pua karibu na kibao. "Ishirini na tano iko wapi?"

"Iko ndani, Padiri."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya... simenti."

"Mimi sioni kitu! Mimi naona: alikufa mwaka wa elfu mbili. Nokta!"

Alisema kwa ile sauti yake. Hata ng'ombe wa kilima cha pili walisikia. Na hapo Neema wa mwisho, ambaye shuleni anapenda hesabu kupita michezo, akainua mukono sawa yuko darasani.

"Mama, mimi nilizaliwa elfu mbili kumi na tano."

Akageukia kibao.

"Alors, papa yangu ni nani?"

Wee! Watu wote wakaanza kuhesabu. Nilikuwa nawaona. Macho yanapita kwenye ule mustari wa watoto, kutoka murefu mpaka mufupi, na vidole vinatembea chini ya vitenge. Espérance mwenyewe, elfu mbili na nne. Wote watano! Kwa musumari moja nilikuwa nimemunyang'anya baba binti ninayemuomba, pamoja na wadogo wake wote, na mama yao nimemuacha anasimama pale bila maelezo.

"Ngoja, ngoja!" Padiri akapiga kelele. "Deo na huyu mama niliwabariki mimi! Ndoa yao ilikuwa elfu mbili na tatu! Donc mimi nilifungisha ndoa ya maiti?"

Papa Mulinda akasimama. Polepole, kwa fimbo yake ya kuchungia.

"Kijana."

"Papa."

"Ndugu yangu alileta ng'ombe za mahari hapa kwa miguu yake. Toka Burungu. Siku mbili. Maiti njo ilichunga ng'ombe siku mbili?"

"Hapana, Papa."

"Ni mukono ya nani iliandika ile?"

"Yangu, Papa."

Akaniangalia kuanzia miguu. Mara hii hakufika hata kwenye magoti.

Mimi nikipata haya, machozi yanatangulia maneno. Munanijua. Yakatoka. Nikamugeukia Mama na nikasema yaliyokuwa kweli, hata kama yalitoka vibaya: "Mama, unisamehe. Nilitaka kumupa mwaka yenye heshima, yenye maneno yote. Ikawa murefu kupita simenti. Niliona haya kusema, nikafunika. Papa Deo hakunifanyia kitu kibaya hata siku moja, na mimi nimemufanyia hivi."

Mama Espe alikuwa amefunika uso kwa mikono miwili. Mabega yanatikisika. Nikawaza: voilà, siku ya kumaliza kilio, mimi nimekianzisha upya. Nikatafuta kwa macho njia ya kupita kwenye maharagi nikimbie.

Kisha nikasikia sauti. Haikuwa kilio.

Mama alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akashika kaburi ya bwana yake asianguke.

"Elfu mbili!" akasema. "Bamama, mumesikia? Bwana yangu alikufa elfu mbili. Kisha akakuja kunioa! Akanizalisha watoto watano! Akalima hii kilima yote maharagi! Nani kati yenu iko na bwana muzima anafanyaka vile?"

"Wangu ni muzima na hata kuni hapasue!" mama moja akajibu toka nyuma.

"Wangu ni muzima lakini umushike kwanza mukono ujue!"

Basi, ilikwisha. Vigelegele, watu wanajipiga mapaja, kwaya imekaa chini kwenye majani. Neema alicheka kwa sababu wengine wanacheka, kisha Espérance akamunongoneza kwamba papa yake ni papa yake, akatulia. Hata Padiri, alipoelezewa kwa sikio, alitoa miwani akaipanguza mara tatu. Espérance aliniambia baadaye kwamba tangu siku ile ya mwaka jana, hawajasikia mama yao akicheka. Hata mara moja.

Papa Mulinda tu njo alikuwa hajacheka. Alikuwa anamuangalia shemeji yake anavyocheka, na uso wake ulikuwa umelegea kidogo, sawa kamba ambayo muntu ameiachilia.

Padiri akanivuta shati. "Kijana. Kilatini yako ni ya kweli, haina kosa. Lakini sababu gani hukuweka herufi za Kiroma? M, M, X, X, V. Herufi tano!"

Miaka miwili ya latin. Foleni ya miaka. Machozi ya jana usiku. Na hizo herufi tano hazikunipita kichwani hata kama mbu.

"Tano," Safari akarudilia nyuma yangu, polepole. (Huyo fundi, siku atakayoleta pikipiki yake niiandike, tutaonana.)

Lakini Padiri hakukubali kibao kivunjwe. "Kilichoandikwa ni kweli, hakijaisha tu," akasema. "Mwenye kuanza amalize." Safari akakoroga simenti iliyobakia, akapaka kipande kidogo upande wa miguu, kwa sababu hapakuwa mahali pengine. Nikaandika VICESIMO QUINTO pale pale, watu wote wamenizunguka, Padiri amesimama juu ya kichwa changu na fimbo sawa tuko darasani. Bila njiwa. Bila chai. Nilimaliza simenti ingali inatetemeka.

Donc sasa kaburi ya Papa Deo iko hivi: ukitaka kujua alikufa lini, unasoma kwenye kichwa mpaka elfu mbili, kisha unatembea kando ya maharagi mpaka kwenye miguu, unasoma ishirini na tano. Nikamuomba Mama musamaha tena kwa ajili ya hiyo.

"Iache," akasema. "Watu watamuzunguka. Alipenda watu."

Tukala. Mimi sikula, nilishika sahani tu, kwa sababu Papa Mulinda alikuwa ametuma muntu kwenye kabati.

Akafungua barua yangu mbele ya jamaa yote. Akaisoma peke yake, polepole, mpaka chini. Akaigeuza nyuma, pengine kuona kama maneno mengine nimeyaweka upande wa miguu.

"Espérance," akasema. "Huyu njo unataka? Huyu ya elfu mbili?"

"Huyu njo, baba mudogo."

"Hata kisha ya leo?"

Espérance akaangalia chini, akaangalia mama yake, akaangalia mimi na shati langu la simenti.

"Zaidi kisha ya leo."

Papa Mulinda akaniangalia. Akaanza kwa miguu, kama kawaida. Akapanda. Akafika mpaka kwenye macho, akabakia pale.

"Shemeji yangu amecheka," akasema. "Mimi nilileta ng'ombe ya kuchinja, nilileta wimbo, sikuweza kumuchekesha. Wewe umeweza." Akakunja barua, akaiweka kwenye mufuko wa koti. "Tunaipokea. Utatuma wazee wako. Lakini tarehe ya ndoa," na hapa akaninyooshea fimbo, "tutaiandika sisi. Kwa namba!"

Bamama wakapiga vigelegele. Mimi nikakaa chini na sahani yangu, na hapo njo nilianza kula.

Basi, ndugu zangu, nawaomba musinicheke. Na kama ni lazima mucheke, muzunguke kwanza kaburi mpaka mwisho.